Kule Juu Mtu Haitwi

Majani mabichi yakikatwa asubuhi yenye ukungu, harufu yake hunifuata mpaka jikoni kwangu hapa Kimuli, na mkono unaomenya ndizi husimama wenyewe. Mwanangu hudhani ni uzee. Ni Kashozi.

Ni mlima mdogo tu, mwenye nguvu anaupanda na kushuka kabla uji haujapoa, lakini ulikuwa na majina kama mwanamke aliyeolewa mara tatu. Sisi wenye migomba tuliuita Kashozi, yaani kilima kidogo. Wafugaji wa upande wa pili waliuita Rwenkuba, kwa sababu radi iliwaulia fahali huko. Wazee hawakuutaja kabisa. Walisema "kule juu", basi, tena kwa kushusha sauti. Shule niliishia darasa la pili, lakini majina hayanipotei.

Wote walikubaliana jambo moja: kule juu mtu haitwi. Ukiita jina, mlima unalichukua, na mwenyewe harudi. Na ukisikia miguu ya watu wasiosema, ni wenye mlima wanapita. Jifiche, ufunge mdomo. Kwa hiyo tukienda huko tuliitana kwa makofi, tukichekea puani.

Sikukuu moja mama alitaka majani mapya ya kutandika sakafuni. Tukapanda, mimi, wasichana wa jirani, na mdogo wangu Kokuhirwa. Ukungu ukashuka, na mvua nyuma yake. Tulipiga makofi, tukateremka mbio tukidhani tuko wote. Chini ndipo tukatazamana. Kokuhirwa hayupo.

Baba na wanaume wa kijiji walipanda jioni ile ile. Mvua iliyameza makofi yao, wakabaki kupekua majani kwa fimbo, kimya. Mama aliwafuata hadi kwenye mawe ya kwanza, akafungua mdomo. Baba akamdaka mkono.

"Wewe mwanamke, nyamaza! Unataka mlima uchukue na jina?"

"Mwanangu ndiye aliyechukuliwa. Jina litanisaidia nini?"

Wanawake wakamshusha, mmoja amemziba mdomo kwa kiganja.

Walimkuta kesho yake chini ya jiwe, mguu umevunjika, baridi imekwisha kumuua. Alikuwa ameng'oa majani akajitandikia, kama tunavyotandika nyumbani. Na palepale juu ya jiwe, kwenye tope, nyayo za wanaume zilikuwa zimepita, na tundu la fimbo ya baba.

Nilikuwa nimeshaolewa siku shangazi yake baba aliponieleza katazo lile lilikotoka, tumekaa tunachambua maharage.

"Enzi za bibi yangu walikuja watekaji," alisema. "Watu wakajificha kule juu na watoto wao. Mama mmoja akamwita mwanawe, sauti ikawaleta watekaji. Waliopona wakakataza kuitana. Na mtoto, mjukuu wangu, humkatazi kwa maneno matupu. Lazima umtishe."

"Hao watekaji walikwisha lini?"

"Mimi sijazaliwa."

"Sasa mbona hakuna aliyetuambia?"

Akainamia ungo wake, akaendelea kuchambua.

Siku hizi kuna mnara wa simu kule juu, na wajukuu zangu huupanda wakiitana mpaka mbuzi wanashtuka. "Iteni kwa nguvu!" nawaambia. Wao wananicheka, eti bibi kachanganyikiwa.

Mama hakuigusa habari ile mpaka alipokuwa wa kulala tu, hawezi kuinuka. Yeye ndiye aliyemwosha Kokuhirwa. Aliniambia alipata kazi kuutoa upindo wa gauni mdomoni mwa mtoto, maana alikuwa ameung'ata mpaka ukatoboka. Wanawake waliokuwepo walisema ni maumivu ya mguu.

"Haukuwa mguu," mama akasema. "Aliwasikia baba yako na wenzake wakipita."

Mimi miaka yote hiyo nilikuwa nikiuchukia mlima. Mlima haukufanya kitu. Tulimfundisha mtoto, naye akashika.