Mngurumo wa Lile Jitu Haukuwa Wangu

Niko chini ya blanketi, kichwa ndani ya ndoo ya plastiki, nanguruma.

Huu ni mngurumo wa kumi na nne kati ya ishirini na tatu. Nikimaliza natoa kichwa, nafuta jasho, nasubiri.

Chumba cha pili, kijiko kinagonga chuma cha kitanda. Mara moja.

Mara moja maana yake mbaya. Nirudie.

Anayegonga ni mama yangu.

Wengi mmeniuliza kwa nini niliiondoa ile filamu ya jitu na roboti, wakati ndiyo kazi yangu iliyopendwa kuliko zote. Wengine mmesema nimeanza kuringa. Mmoja kaandika kwamba nimelogwa. Nimechelewa kujibu kwa sababu jibu lenyewe linanitia aibu. Lakini nina ombi kwenu, na siwezi kuomba bila kueleza.

Kwa wasionijua, mimi natafsiri filamu za nje kwa sauti. Nakaa peke yangu chumbani, dirisha nimeliziba kwa godoro kuukuu, nazungumza badala ya kila mtu: polisi, bibi harusi, hata mbwa. Sikusomea popote. Watu wananiita Mpole.

"Wewe vita unavitangaza kama msiba," huniambia mwenye banda la video, mteja wangu wa kwanza. "Lakini wanaelewa. Endelea hivyo hivyo."

Nina utaratibu wangu. Kila filamu naitazama mara tatu kabla sijafungua mdomo, daftari mapajani. Ukurasa naugawa kwa mstari. Kushoto naandika nguvu za filamu, kulia udhaifu wake. Penye nguvu nanyamaza, filamu ijisemee. Penye udhaifu naingia mimi na maneno yangu.

Hii ilihusu jitu lililotoka kwenye machimbo ya mawe, refu kuliko ghorofa kumi. Kupambana nalo, wakachukua roboti kubwa iliyotengenezwa kwa kujengea mabwawa. Ndani yake anakaa dada mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma.

Upande wa nguvu niliandika mengi. Roboti ina uzito. Ikikanyaga barabara, vumbi linachelewa kidogo kupanda, na wewe unaamini. Yule fundi anaogopa kama mtu, hajifanyi shujaa. Na mji unaovunjwa una wenyewe: nguo zimeanikwa, sufuria bado iko motoni.

Upande wa udhaifu niliandika kwamba mapigano matatu kati ya manne yako kwenye mvua, huoni nani kampiga nani. Mkuu wa jeshi kazi yake kufoka tu. Na la mwisho nililipigia mstari mara mbili:

"Jitu halina sababu. Linanguruma tu. Kila roboti ikiwasha taa ya kifuani, jitu linainua mkono wa kushoto mbele ya uso. Mara saba! Mwongozaji kaishiwa."

Niliandika hivyo kwa mkono wangu. Daftari ninalo hapa.

Sasa nieleze habari za mama.

Mama alikuwa msimamizi wa jiko la shule. Watoto mia nne, na sauti yake ilitosha bila kengele. Mwaka jana akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, maneno yakaondoka. Kilichobaki ni sauti moja nzito, inayotoka chini kabisa ya kifua.

Mtaalamu wa usemi wa hospitalini aliniambia, "Mrekodi kila siku, dakika chache tu. Uniletee nione kama kuna maendeleo."

Mimi tena, mtu wa utaratibu! Kila siku saa kumi alasiri niliingia na simu. Chumba chake kina kidirisha kidogo, kwa hiyo niliwasha taa ya simu ili uso uonekane vizuri.

"Mama, sema jina lako."

Anatoa ile sauti.

"Haya, tujaribu tena. Jina lako."

Ile ile. Naandika tarehe, nahifadhi kwenye kompyuta. Mama naye nilimfungulia daftari lake, nikaligawa kwa mstari. Upande wa udhaifu niliandika: sauti haina maneno, mkono ulio mzima unarukaruka.

Siku mia moja na kumi na mbili.

Sasa, kazi yetu hii ina tatizo moja ambalo mtazamaji halijui. Sauti ya filamu inakuja donge moja. Ukiteremsha maneno ya kigeni ili uweke yako, milipuko inateremka, muziki unateremka, na jitu nalo linanong'ona kama panya. Kwa hiyo mingurumo natengeneza mwenyewe. Ndoo, blanketi, koo langu.

Wiki ile nilikuwa na mafua. Koo limeziba, na mwenye banda ameshabandika tangazo la Ijumaa.

Nikaanza kutafuta kwenye kompyuta sauti yoyote nzito niliyowahi kuhifadhi. Nilikuwa natafuta ya benchi likiburutwa sakafuni. Nikabonyeza faili la jirani yake.

Kompyuta nilikuwa nimeiacha kwenye nusu ya kasi. Sauti ikatoka polepole, nzito, ndefu.

Nikalisahau benchi.

Na pale kwenye skrini, sijui kwa bahati gani, jitu lilikuwa linafungua mdomo.

Ilikaa sawasawa kama kifuniko juu ya chungu chake.

Nilijua ni nani. Sitaki kuwadanganya. Niliiona tarehe, niliona nimeandika "Mama". Nikajiambia, najaribu tu. Kisha nikajiambia, hakuna atakayejua. Kufikia saa nane mchana nilikuwa nimeweka ishirini na tatu.

Ijumaa watu wakajaa mpaka mlangoni. Dude liliponguruma mara ya kwanza, banda zima likanyamaza. Fundi matairi wa pale kona, mtu mwenye mikono kama magogo, alikuwa anafuta macho kwa kofia.

"Leo dude lina roho," mwenye banda akaniambia. "Umefanyaje?"

"Mazoezi," nikasema.

Baada ya wiki moja nakala zilikuwa zimeruka simu hadi simu. Napita mtaani nasikia watu wazima wanashindana kunguruma. Waosha magari, wauza vocha. Kila mmoja anamwiga mama yangu, na hajui.

Jumapili dada yangu mkubwa alikuja kumwogesha mama, kama kawaida yake. Yeye ni mshonaji. Alikuwa ameitazama filamu kwenye simu huku anakunja pindo. Alipomaliza kumwogesha akanivuta ukumbini.

"Lile dude umelitoa wapi?"

"Mtandaoni."

"Mtandaoni." Akanitazama juu mpaka chini kama anayenipima suruali. "Na huo mtandao huvuta pumzi puani kabla ya kusema?"

Nikageuka niondoke, akanishika shati.

"Mdogo wangu, ni nani mwingine anavuta pumzi vile? Tukiwa wadogo ukisikia ile pua tu, unajua sasa tunagombezwa. Wewe ulikuwa unakimbilia chini ya meza!"

"Dada, hakuna anayejua ni yeye."

"Mimi nimejua. Yeye je?"

"Hawezi kujua. Nimepunguza kasi mara mbili."

"Aha. Kwa hiyo unaiba, lakini taratibu."

Nilimwambia aniachie nifikirie. Mimi ni mtu wa kufikiri kwanza, watu hunisifu kwa hilo. Nilifikiri siku nne. Siku nne nzima sauti ya mama yangu ikanguruma kwenye mabanda, kwa sababu mwanawe anafikiri.

Siku ya tano mwenye banda akaja kumjulia hali mgonjwa. Akakaa kwenye kiti kando ya kitanda, mikono magotini, mtu wa heshima zake.

"Shikamoo mama. Unaendeleaje?"

Mama akainua vidole vya kushoto kumwitikia.

Simu ikaita mfukoni mwake.

Haikuwa kengele. Ulikuwa mngurumo. Alikuwa ameukata kutoka kwenye filamu na kuufanya mlio wa simu.

"Samahani mama," akasema huku anacheka, anahangaika na mfuko. "Hilo ni dude la mwanao hilo. Mtaa mzima unalo!"

Mfuko ulikuwa wa kubana. Simu ikaendelea kunguruma.

Mama akageuza shingo. Akasikiliza. Niliona macho yake yanatoka kwenye mfuko wa yule bwana, yanakuja usoni kwangu, yanatulia hapo.

Akavuta pumzi puani.

Akatoa sauti yake.

Zikawa mbili chumbani, moja ya haraka, moja ya polepole, na mtu yeyote mwenye masikio angejua ni mtu mmoja.

Mwenye banda aliacha kucheka. Akaitazama simu. Akamtazama mama. Akanitazama mimi.

"Mpole," akasema kwa sauti ya chini, "hebu niambie sivyo."

Akazima simu, akainuka, akaaga kwa kuinamisha kichwa. Mama alikuwa ameshageukia ukutani.

Nilikwenda moja kwa moja chumbani kwangu kuifuta ile sauti. Nikafungua filamu, nikazima mingurumo yote, nikaanza kuipitia mwanzo hadi mwisho, kimya.

Roboti ikawasha taa. Jitu likainua mkono wa kushoto mbele ya uso.

Nikasogeza mbele. Taa. Mkono.

Mara ya nne nikasimamisha.

Bila kelele niliona nilichokuwa sijakiona mara tatu nilizotazama na daftari langu. Jitu halikuwahi kuanza ugomvi. Kila pigano linaanza na taa. Linaziba uso kwanza, linasubiri. Taa isipozimwa, ndipo linapiga.

Sababu ilikuwepo. Mwongozaji alituambia mara saba. Mimi nikaandika kwamba ameishiwa.

Kisha nikakumbuka mkono mwingine.

Nikafungua rekodi za mama. Hizo pia kimya. Faili la kwanza: taa ya simu inawaka, mkono wa kushoto unapanda mbele ya uso, unasukuma. La pili, vivyo hivyo. La hamsini. La mia.

Haukuwa unarukaruka.

Nikaenda chumbani kwake. Taa sikuwasha. Nikaiweka simu juu ya shuka, karibu na mkono wake mzima, nikapiga magoti.

"Mama, siku zote hizi ulikuwa unaniambia nini?"

Vidole vikatambaa, vikaishika simu, vikaigeuza kifudifudi. Halafu akaisukuma. Polepole, mpaka ikafika ukingoni, ikaanguka sakafuni.

Akavuta pumzi puani, akanitolea ile sauti.

"Nisikurekodi," nikasema.

Akafumba macho kama mtu aliyetua mzigo.

Siku mia moja na kumi na mbili mama yangu ananigombeza kwa sauti yake yote, niache kumwangaza usoni. Na mimi nikachukua huo ugomvi nikauweka kwenye mdomo wa jitu, nikapigiwa makofi.

Tulikubaliana alama. Kijiko mara mbili, ndiyo. Mara moja, hapana. Nikamuuliza kama nifute rekodi zote. Akagonga mara mbili, na kijiko kikamtoka mkononi kwa nguvu aliyotumia.

Mtaalamu nilimweleza ukweli. Aliguna. "Mtu aliyesema jambo moja siku mia," akasema, "huyo ana jambo la kusema. Tulikuwa na pa kuanzia muda wote." Sasa mama anapelekwa kwake, wanakaa wawili, na simu inabaki nje.

Ombi langu ndilo hili. Nilichofuta ni kilicho mikononi mwangu. Kilicho mikononi mwenu siwezi kukifikia. Hata unaposoma hapa, kuna banda mahali fulani mama yangu anagombeza na watu wanashangilia.

Kama unayo nakala ya zamani, utaitambua. Kabla ya kila mngurumo, jitu linavuta pumzi puani. Tafadhali ifute. Kama ni mlio wa simu yako, ubadilishe. Sitakuuliza uliupata wapi.

Nakala mpya, nikiimaliza, utaitambua pia. Jitu linasikika kama mwanaume aliyeingiza kichwa kwenye ndoo. Mwenye banda ameshasikia vipande vichache, amesema dude sasa lina pumu. Ni sawa.

Daftarini nimekata ule mstari kuhusu jitu, nimeuhamishia upande wa nguvu. Upande wa udhaifu nimeandika kitu kimoja: mtafsiri alikuwa na haraka ya kuandika kuliko kusikiliza. Kama una mtu nyumbani asiyeweza kusema, usihesabu kimya chake, wala kelele zake, kuwa si kitu. Tazama mkono wake uko wapi. Tazama na wa kwako umeshika nini.

Msiniulize kama amenisamehe. Sijui. Nikiingia chumbani na kitu mkononi, hata sahani, anakitazama kitu kwanza ndipo anitazame mimi.

Hili la kugonga kwa ajili ya mingurumo alilianza mwenyewe. Niliacha mlango wazi ili nimsikie akinihitaji, nikanguruma, nikasikia kijiko. Mara moja. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikarudia. Mara moja.

Amekubali kumi na tatu. Huu wa kumi na nne ndio ule wa darajani, taa inapowaka mara ya nne. Nimeujaribu tangu mchana.

Nimejaribu tena sasa hivi, kabla ya kuandika mstari huu.

Mara moja.

Koo limekwisha. Nimeanika blanketi, ndoo nimeiacha mezani. Nitaendelea nao kesho, mama akishaamka.