Mnene Akae Upande wa Juu

Wageni wanaiita njia ya misafara. Sisi tuliiita njia ya Bukene, maana ndiko ilikotupeleka. Mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, tuliipita miaka kumi na sita, beseni la michembe kichwani, tukiwahi treni ya Mwanza tuwauzie abiria madirishani. Ukichelewa unarudi na viazi vyako vikavu vile vile. Kwa hiyo tulikimbia. Nani alijua kwamba hayo ni mazoezi?

Wifi alikuwa mnene, na mwenyewe alijisifia. Mimi nilikuwa mwembamba kama mwiko. Katikati ya njia kuna mto. Kiangazi unauvuka bila kulowesha kandambili, masika unaangusha ng'ombe. Kwetu kuna utaratibu wa kuuvuka, wazee wanasema uliachwa na wapagazi waliobeba pembe kwenda pwani. Mnafungana nguo viunoni. Mnene anakaa upande wa juu, maji yanakotokea, ayakate. Mwembamba anakaa upande wa chini, kwenye maji yaliyokwisha kupunguzwa nguvu. Fundo halifunguliwi mpaka wa mwisho akanyage pakavu. Hata mkiwa mmenuniana. Masika moja tulinuniana wiki tatu kwa ajili ya kuku, na kila safari tulivuka tumefungana, kimya, kama mbuzi wa mnadani.

Siku za kawaida alikuwa hanyamazi.

"Sogea huku nyuma yangu, kuni wewe, usije ukaelea."

"Kaka yako alinioa mimi, wifi, hakuoa na jabali."

"Bila jabali angekuwa mgane siku nyingi!"

Tukicheka, michembe inacheza kwenye mabeseni.

Basi mwaka wa kumi na sita likasomwa tangazo kanisani baada ya ibada: mbio ndefu, kilomita arobaini na mbili, kwa njia ya misafara, na mwanamke wa kwanza anapewa cherehani. Wifi akanifinya paja pale pale kwenye benchi. "Cherehani hiyo ni yangu," akasema. "Wewe utakuwa wa pili, nitakushonea gauni."

Mwenyekiti wa kamati ya mbio alikuja kijijini kuonyesha njia. Kivuko chetu cha zamani ni kipana, chini ni mwamba, hata masika maji yanaishia mapajani. Akakikataa. Akapachagua juu zaidi, kwenye kona, mto ulikobanwa, kwa sababu gari la wageni wake wa Dar lingefika hapo na picha zingependeza. Wifi akamwambia mbele ya watu, "Shikamoo mzee. Pale hapavukwi." Akajibu, "Marahaba mama. Ramani imeshachorwa." Sisi tulioishia darasa la nne tukatawanyika. Ramani ni kitu cha waliosoma.

Siku yenyewe nikiikumbuka, nusu yake ya kwanza bado naipenda, Mungu anisamehe. Mvua ilikuwa imenyesha, vumbi limelala, mapori yananukia maua ambayo nyuki wanayafuata. Tulivaa kanga juu ya sketi. Mabinti wenye viatu vya rangi walitupita mwanzoni, tukawakuta mmoja mmoja wameshika viuno. Wifi akageuka kunitazama, akaanza kucheka mpaka akakaribia kuanguka. Kumbe nakimbia nimeinua mkono wa kushoto, nimeshika beseni ambalo halipo.

"Shusha mkono, wifi, michembe iko nyumbani!"

Nikaushusha. Kabla ya mti unaofuata ulikuwa umepanda tena. Na wake pia.

Mtoni tukakuta kamba imefungwa toka ng'ambo mpaka ng'ambo, maji mekundu yanakwenda kwa kasi. Tukafanya tunachofanya siku zote. Alishatoa ncha ya kanga yake, mimi nimeshaanza fundo, msimamizi akapiga kelele kwenye kipaza sauti: "Hakuna kushikana! Kila mtu kwa nguvu zake! Anayesaidiwa anatolewa!"

"Hatusaidiani," nikamwambia, "tunavuka."

"Mama, nawafuta namba zenu!"

Wifi akauliza, "Kuna mwanamke ameshapita?"

"Bado. Nyie ndio wa kwanza."

Akanitazama. Nilijua anaiona ile cherehani. "Fungua tu," akasema. "Hatua chache hizi."

Nikafungua. Mkono wangu huu.

Nilitangulia, yeye nyuma, kila mmoja ameshika ile kamba. Nilikuwa nimekaribia kabisa ukingo kamba ilipolegea. Walikuwa wameifunga kwenye kichaka, kikang'oka. Mimi nilinaswa na mizizi, nikatolewa nimekunywa matope. Yeye walimpata alasiri, chini kule, amelazwa na mto kwenye kivuko chetu cha zamani, maji hayafiki hata mapajani.

Msibani mwenyekiti alisimama akasema ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakufunga ile kamba. Aliyehamisha kivuko ni mwenyekiti. Aliyetuzuia tusishikane ni msimamizi wake. Aliyefungua fundo ni mimi. Watatu, na nikiulizwa popote nitawataja hivyo hivyo, kwa mpangilio huo. Wawili hawajawahi kuulizwa.

Mwaka huu mbio zimerudi. Mwenyekiti ni yule yule. Kivuko wamekirudisha kwa siri pale petu kwenye mwamba, hakuna aliyesema kwa nini. Nikashuka mtoni asubuhi na mapema, na kanga zangu mbili. Wakaja mabinti watatu wamefuatana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mnene nani hapa?"

Wakacheka. "Hakuna, mama, sisi wakimbiaji!"

"Basi atakuwa mimi." Ni kweli, nimenenepa. Tangu siku ile sijabeba beseni wala kwenda Bukene.

Nikasimama upande wa juu, maji yananipiga mapajani, nikawafunga mmoja baada ya mwingine. Kwenye ukingo kipaza sauti kikaanza: "Mama, toka! Unawaharibia! Wote watatu nitawafuta!" Wa katikati akanitazama, mkono ukaenda kwenye fundo.

"Mwanangu," nikamwambia, "kwanza tukanyage pakavu. Halafu afute."

Mkono ukatoka. Tukaanza kuvuka.