Siku Nilipotangaza Minyoo Kisimani

Sijivunii kuyaandika haya, lakini kwa kuwa Kinyangiri nzima inayasimulia kwa kuyaongezea chumvi, afadhali kumbukumbu ikae sawa kutoka kwangu mwenyewe niliyeaibika.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara mstaafu, wala si "msaidizi wa daktari" kama wengi wanavyopenda kuniita, na kwa miaka yote ya utumishi nilisoma vioo vya hadubini ambavyo majibu yake yalitoka na majina ya wanasayansi juu, sisi mafundi tukishukuriwa mwishoni kwa neno moja, "wengineo" (wengineo!). Kwa hiyo siku watafiti walipokuja kupima maji ya kisima chetu, na mwenyekiti wa kijiji akamkaribisha Dakta Neema mbele ya mkutano kwa makofi, huku Bi Halima, fundi aliyeinamia hadubini tangu asubuhi, akirukwa kana kwamba ni sehemu ya meza, sikuweza kutulia. Nilikaa, nikainuka, nikakaa, nikainuka tena.

"Mwenyekiti, utaratibu! Aliyepima maji ni nani?"

"Mzee Mkumbo, kaa basi tumalize."

"Sikai! Ufundi wa maabara ni taaluma kamili."

Dakta Neema, binti mwenye adabu, akasema, "Shikamoo mzee. Basi njoo utusomee kioo cha mwisho."

Hapo ndipo nilipopaswa kukataa. Badala yake nilikwenda, nikaona kioo kina vumbi, nikakipangusa kwa mkono wa koti (kosa ambalo enzi zangu nilimtolea mwanafunzi nje), nikadondoshea maji ya kisima, nikainama. Nikaona viduara vyenye miiba, vingi.

"Mayai ya minyoo!" nikatangaza, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Kila mtu alijua kisima kikikutwa kichafu kinafungwa siku hiyo hiyo, na kina mama wanarudi kufukua mchanga wa mto mkavu. "Yesu wangu, tumekwisha!" alilia jirani yangu Mama Eliza. Mwenyekiti akaagiza kufuli. Dakta Neema akachungulia, akakunja uso, akaanza kuandika.

Bi Halima akanisogelea taratibu. "Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Umepitia wapi kuja hapa?"

"Shambani kwangu, kwenye alizeti."

"Zimechanua?"

"Zimechanua sana!" nikajibu kwa fahari (mjinga mimi).

Akapitisha kidole kwenye mkono wa koti langu, akakiinua: njano tupu. "Basi hii ni chavua ya alizeti, mzee. Si mayai."

Akachukua kioo safi, akadondoshea maji yale yale, akamwita Dakta Neema achungulie. Hapakuwa na kitu.

"Mimi nilishaandika minyoo," Dakta Neema alikiri mbele ya wote, akakifuta alichoandika. "Bi Halima ameniokoa."

Hivyo hoja yangu ilithibitishwa mbele ya kijiji kizima, na kosa lililoithibitisha lilikuwa langu. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mama Eliza akaniletea kikombe cha maji kutoka kisimani.

"Kunywa, fundi. Kama mayai yapo, yaanze na wewe."

Nilikunywa yote nikiwa nimesimama, kina mama wakinihesabia mafunda. Haki ya mafundi nitaendelea kuidai, lakini kwa mdomo tu. Mikono yangu, nimekubali sasa, nayo imestaafu.