Kabla ya Kikao

Katika kozi yetu ya uuguzi hapa Birmingham, Weusi tulikuwa wanne tu, wote wanawake, na darasa likanichagua mimi niwe mwakilishi. Nilivimba kichwa kidogo, sikatai.

Shida ya kwanza kunifikia ilikuwa ratiba ya zamu za wodini. Ilikuwa ikitoka siku tano tu kabla, na mwenzangu Mkenya, mama wa watoto wawili anayeishi Hodge Hill, hakuwa akipata mtu wa kumwachia wanawe. Aliniambia mara moja tu: ikiendelea hivi mpaka Krismasi, anaacha masomo.

Niliandika kurasa mbili za hoja za kusoma kwenye kikao cha darasa na walimu. Lakini mimi nimelelewa Tanga, na kwetu mkubwa haumbuliwi mbele za watu. Siku mbili kabla ya kikao nikaenda kumbishia hodi mkuu wa kozi, mama wa Kizungu, nikamweleza yote. Alinisikiliza, akaandika. Nikatoka nimefurahi.

Kikaoni akafungua yeye. Alisema amelitafakari sana jambo la ratiba, na kuanzia sasa itatoka mwezi mzima kabla. Darasa likapiga makofi. Nami nikapiga, kurasa zangu zimekunjwa mkobani. Niliumia, na mpaka leo sijui kama niliibiwa au nilijitakia.

Kwenye kituo cha basi mwenzangu Mkenya hakunionea haya. "Si tulikuchagua uongee? Umekaa tu hapo kama mgeni, mpaka lecturer akatuonea huruma mwenyewe!"

Ningeweza kumwambia. Kiburi kikanizuia, nikasema basi lake limefika.

Wema hauozi, wanasema. Wangu ulianza kunuka wiki ileile. Mwaka uliofuata mwenzangu yule aligombea uwakilishi, akasema darasa linahitaji mtu mwenye sauti. Akashinda. Hata kura yangu aliipata, maana sauti kweli anayo.

Mwezi uliopita alinipigia simu. Wanafunzi Waislamu walitaka nafasi ya swala ya Ijumaa, naye aliogopa mkuu wa kozi akikataa hadharani hatageuka tena.

"Nenda ofisini kwake kabla ya kikao, dada," nikamwambia. "Mweleze polepole. Siku ya kikao utamsikia akisema ni wazo lake. Wewe piga makofi."

Nikawasikia wanawe wakigombana kwa Kiingereza.

"Ile ratiba," akasema mwishowe. "Kumbe ni wewe. Na mimi nikampigia yeye makofi."

"Hata mimi nilimpigia," nikasema.