Springi za Mbio kwenye Barabara ya Chanika

Gari langu la mbio lilikuwa kuukuu: la Kijapani, milango miwili, bodi imechomelewa hapa na pale. Kiti cha nyuma nilikwisha king'oa ili liwe jepesi, na mahali pake nikafunga mabomba ya chuma ya kutukinga likibinuka. Jumapili nilishindana nalo kwenye kiwanja cha vumbi nje ya mji. Siku nyingine nilikwenda nalo kazini, maana sikuwa na jingine.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa na spea za mtumba zimejaa mjini. Pale Buguruni nikaona shokapu za mbio, kila moja imevikwa springi yake, na chini ya springi kuna ringi kubwa ya kuzungusha kwa spana. Ukiikaza, gari linapanda. Ukiilegeza, linashuka. Nilizibeba nyumbani Temeke kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Mie na rafiki yangu mmoja, fundi, tukazifunga uani. Tulilishusha gari mpaka ngumi haikupita kati ya tairi na madigadi. Nikalizungusha mtaani. Kona ambayo zamani lilikuwa likiinama kama linataka kulala, sasa lilipita limenyooka. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Mbona linadunda hivyo?"

"Ndivyo linavyotakiwa," nikamwambia. "Tena hizi zinapanda na kushuka. Nikitaka juu, juu. Nikitaka chini, chini."

Maneno hayo nilimweleza na jirani, na muuza maji, na kila aliyesimama kutazama.

Wiki ileile, asubuhi, shemeji yangu akaja kutoka Chanika, jasho linamtiririka. "Mama kateleza, kaanguka pale kisimani," akasema. "Mguu haunyanyuki." Kijijini kwao hapakuwa na gari. Tukaondoka papo hapo, mke wangu mbele, shemeji kajikunja nyuma kati ya mabomba. Lami ilipokwisha tukaanza kukwaruza chini, lakini tulifika.

Mama mkwe alikuwa amelazwa mkekani, midomo imemkauka. Nikamwamkia, akaitikia marahaba na kuniuliza hali ya nyumbani, kana kwamba nimekuja kutembea tu. Kisha ikabidi nifungue mlango nionyeshe pa kumlaza. Bati tupu. Wanawake wa jirani wakatazamana.

"Kiti kiko wapi?" mmoja akauliza.

Nikapangusa vumbi kwenye bati. Wakaleta godoro, wakalikunja likaingia. Yeye wakampitisha chini ya bomba, mwili umepinda, khanga inamvuka mapajani. Mie mkwewe nikageukia ukuta wa nyumba na kuusoma kama gazeti.

Mke wangu akaingia nyuma kumshika, shemeji akakaa mbele. Nikaanza kuendesha. Kila shimo, zile springi zililipokea na kulirudisha juu lote, bila kubakiza chochote. Nilimsikia mama akivuta pumzi kwa meno. Hakutaka kulia mbele yangu. Alitia pindo la khanga mdomoni akaliuma, na katikati ya mashimo akasema, "Endesha tu, mwanangu." Nikapunguza mwendo, nikakwepa huku na huku, mwishowe tumbo la gari likakalia tuta la katikati ya barabara na magurudumu yakazunguka bure.

"Simamisha," mke wangu akasema.

"Limesimama."

Nyuma yetu likaja lori la mkaa. Dereva, mtu mzima mwenye kofia ya kiua, akashuka, akachungulia ndani ya gari langu, akanitazama. Akawaita utingo wake. Wakapanga magunia ya mkaa, wakatandika godoro juu yake, wakamhamisha mama mkwe polepole. Kisha wakarudi kuninyanyua na gari langu kutoka kwenye tuta.

Mke wangu na nduguye walipanda lori. Mie nikafuata peke yangu, vumbi la lori likiniingia dirishani. Nilikuwa na gari la mashindano, na lori lililojaa mkaa liliniacha mpaka sikuliona tena.

Nilipofika hospitali mama alikwisha pokelewa. Khanga yake nzuri ilikuwa nyeusi kwa masizi, lakini uso ulikuwa umetulia. Muuguzi alikuwa akizungumza na yule dereva wa lori. "Wewe ndiye mkwewe?" akamuuliza. Dereva akageuka kunitafuta kwa macho. Nami nilikuwa pale pale, funguo mkononi, nikajifanya nasoma tangazo la chanjo ukutani. Mke wangu aliniona.

Baadaye, tukiwa kwenye benchi, akaniuliza kwa sauti ya chini, bila hasira, "Si ulisema zinapanda na kushuka?"

Spana ilikuwa ndani ya gari. Jeki ilikuwa ndani ya gari. Kutoka Temeke hadi Chanika na kurudi, wazo la kulipandisha halikunijia akilini hata kidogo. Angenigombeza ingekuwa nafuu.

Mguu ulikuwa umevunjika, ukafungwa plasta, ukaunga taratibu. Mie nilitafuta kila udhuru nisiende Chanika: kazi, homa, mvua. Mke wangu alikuwa akienda peke yake kwa basi. Siku moja akarudi na ujumbe. "Mama anauliza kakukosea nini."

Nikaenda naye. Mama mkwe alikuwa barazani na mkongojo wake, amezungukwa na wageni waliokuja kumpa pole. Akanikaribisha, akataka niletewe chai, kisha akawageukia wageni wake.

"Huyu ndiye mkwe wangu niliyekuwa nikiwaambieni," akasema. "Aliacha kazi zake siku ile akanifikisha hospitali."

Wageni wakanishukuru, mmoja baada ya mwingine. Mke wangu akainamia kikombe chake. Nikasema, "Ahsanteni," nikanywa chai ile ikiwa moto mno, nikaungua ulimi.