Firigisi ya Mholanzi

Lenah Wekoye wa Tongaren ni mjane, jirani yangu, na shamba lake la avokado limemtesa. Madalali hununua matunda yake kwa bei ya kutupa na mengine huoza chini ya miti. Mwaka jana aliposikia kwamba Mholanzi mmoja anatafuta mahali pa kujenga kiwanda cha mafuta ya avokado, alijitolea kumpokea kwake. Kiwanda kikija, bintiye Viola, aliyeacha chuo kwa kukosa karo, angerudi darasani.

Chelimo, mwanamke wa Kitale aliyekuwa akimtembeza mgeni, alimweleza njiani kwamba kwa Wabukusu firigisi ya kuku hailiwi ovyo. Hupewa mtu mmoja, na ukipewa, nyumba imekupokea. Mholanzi alifurahi. Vibali vyote alikuwa navyo.

Kuku alipofika mezani, nami nikisaidia kupakua, gari liliingia uani bila hodi. Akashuka Mheshimiwa Mukhwana, mwanasiasa wetu, na vijana wake. Mtu huyu hunusa mchuzi kutoka Kanduyi! Akavuta kiti, akakaa.

"Nasikia ati kuna kiwanda. Hizo karatasi zenu ni sawa, lakini hapa kitu bila mimi haisimami, bana. Sehemu yangu iko wapi?"

Chelimo alitafsiri. Mholanzi akauliza, "Na baada ya uchaguzi, akija mwingine?"

Mukhwana akacheka. "Si huyo pia atakuja kukusalimia?"

Mholanzi hakucheka. Lenah alikuwa amesimama na sahani ya firigisi mkononi, na wanaume wote wawili wanamtazama yeye. Akimnyima Mukhwana, wale vijana wangeifunga njia ya shamba lake, kama walivyomfanyia Nehemiah wa ng'ambo ya mto. Akimnyima mgeni, amemfukuza. Akachukua kisu, akaikata firigisi katikati, akamwekea kila mmoja kipande.

Jamani, Lenah! Niliona aibu mpaka nikaangalia chini.

"Mama Viola, firigisi inakatwa?" Mukhwana alifoka.

Mholanzi alimgeukia Chelimo. "Si uliniambia hupewa mtu mmoja?"

"Hupewa mmoja," Chelimo alijibu kwa sauti ndogo.

Mgeni alikitazama kipande chake, akakisogeza kando. Alimaliza ugali wake, akamshukuru Lenah kwa heshima, akaondoka. Kiwanda kimejengwa nchi jirani.

Watu hapa walimlaumu Lenah, ati kisu chake ndicho kilichofukuza kiwanda. Upuzi mtupu! Mtu aliyefukuza kiwanda alikuwa amekaa kwenye kiti anasubiri kupakuliwa. Viola bado yuko nyumbani, anawauzia madalali avokado, na mimi hasira haijaniisha.

Juzi Mukhwana alirudi kuomba kura. Lenah alimchinjia kuku, maana hajui kumfukuza mtu na njaa. Alimwekea paja, akamwekea na shingo. Mheshimiwa akageuzageuza vipande kwa kidole.

"Mama Viola, na firigisi?"

Lenah alikuwa amesimama mlangoni, anatafuna bila haraka.

"Leo sikukata," alimjibu, akameza.