Wimbo Uliowasimamisha Watu wa Mjimwema

Gitaa la kwanza la umeme stendi ya Makambako nililileta mimi, niliyeishia darasa la nne. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, nikaacha kubeba magunia ya viazi nikaunda bendi. Asije mtu hapa akasema alinisaidia.

Wimbo wetu wa kwanza ulipigwa kila kibanda cha kuuza kanda. Nikasema wa pili lazima uupite. Mwimbaji wangu alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa kule Mjimwema, Njombe. Sauti kama ile sijaisikia tena. Nikamwambia tuanze na kinanda, polepole kama ibada, kisha ngoma ziangukie juu yake. Wazo langu mwenyewe hilo.

Makambako waliupenda. Muuza kanda wa stendi, ametoka msikitini na kofia yake, akaniambia, "Bosi, umeua! Wapakiaji wanacheza na magunia mabegani!"

Jumamosi iliyofuata tukapiga harusini Mjimwema. Kinanda kikaanza. Wazee wakavua kofia. Kina mama wakainamisha vichwa. Ukumbi mzima ukasimama; wamedhani ni sala ya chakula! Nikamgeukia mpiga ngoma nimzuie, kumbe amefumba macho kwa raha zake. Akashusha ngoma zote. Bibi mmoja akamwaga sahani ya wali.

Mzee wa kanisa akaenda kuzima jenereta mwenyewe. "Mnamchezea Mungu?"

"Kwani nani aliwaambia msimame, mzee?"

Akamgeukia mwimbaji wangu. "Mwalimu, chagua. Kwaya, au wahuni hawa."

"Usimjibu," nikamwambia mwimbaji wangu. "Panda gari twende."

Akatazama viatu vyake. "Kaka, mama yangu yumo humu ndani." Akavua koti la bendi, nililomshonea mimi, akalikunja vizuri, akanipa.

Nilijaribu waimbaji watatu. Stendi ile ile ikatuzomea, bendi ikafa. Leo nina malori manne, na bado nikikumbuka lile koti damu inachemka.

Maana Jumapili nikipita Mjimwema kwenda Ludewa kufuata mzigo, nashusha kioo mbele ya mlango wa kanisa. Mwalimu anafungua ibada kwa kinanda, polepole, mwanzo wangu ule ule, hajabadilisha hata kidogo. Na watu wote wanasimama. Mzee wa kanisa yuko mbele, kofia mkononi. Hakuna hata mmoja aliyeniomba ruhusa.